Nusu ya Zaburi ya Mia na Tisa

Mpaka leo nikipita pale kwenye mashine ya kusaga kuna watu wananiita Mama Zaburi, na ninyi mlio wageni mnaweza kudhani ni sifa, kwamba labda mimi ni mwanamke wa sala sana mwenye zaburi zote kichwani. Siyo sifa. Ni aibu yangu hiyo, na leo nitaisimulia kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao siku ile hata hawakuwepo (kuna mmoja anasema nilizimia, sikuzimia mimi, nilifungiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa).

Kwanza mnijue. Mimi ni Mama Yona, mkulima wa kahawa na mahindi hapa Isansa, na ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa Kilutheri. Kwetu mzee wa kanisa si umri, ni kazi, unachaguliwa na washarika. Mchungaji wetu ni mmoja na mitaa anayoihudumia ni mingi, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada inaendeshwa na mwinjilisti akisaidiwa na mzee wa zamu, na mzee wa zamu ndiye anayesimama mbele kusoma Zaburi ya siku. Sasa, zaburi kwetu haisomwi na mtu mmoja. Anayeongoza anasoma mstari wa kwanza, watu wote wanajibu wa pili, yeye wa tatu, wao wa nne, hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu tunasimama wote tunaimba Atukuzwe, ule wimbo mfupi wa kumtukuza Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Shikeni hilo la kupokezana, maana ndilo lililoniponza.

Jambo la pili, mimi ni mtu wa kung'ang'ania. Mume wangu anasema nikikamata neno nalikamata kwa meno, na hasemi kwa kunisifu.

Basi, mwaka ule nilikuwa na kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya nyumba, miche kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, imepangwa safu kwa safu chini ya kivuli cha nyasi, naimwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kuteka, naujua kila mche kama mtoto. Asubuhi moja nikatoka na ndoo yangu nikakuta kitalu kimelala chini. Viriba vimepasuka, miche imekanyagwa imeingia ardhini, na kwenye udongo uliolowa kuna nyayo za ng'ombe, na nyayo mojawapo ni ya kwato iliyomeguka ncha. Hapa kwetu ng'ombe mwenye kwato iliyomeguka ni mmoja tu, dume la kulimia la jirani yangu, Baba Salome. Nikaenda kwake hapo hapo, ndoo bado iko mkononi. Akanitazama usoni akasema, "Mama Yona, ng'ombe wangu amelala kwenye kamba." Nikamwambia twende ukaone nyayo. Akasema ana kazi.

Hiyo "ana kazi" ndiyo iliyonichoma kuliko miche yenyewe.

Na huyu si jirani wa hivi hivi. Binti yake Salome ni mtoto wangu wa ubatizo, nilimshika mimi siku anabatizwa, shingo yake bado haijakaza, na mimi Mungu alinipa wavulana watupu, kwa hiyo Salome ndiye binti niliye naye. Mwezi ule alikuwa anamaliza darasa la kipaimara. Kwetu siku ya kipaimara mama wa ubatizo anasimama pale mbele mkono wa kulia wa mtoto, anamwekea mkono begani mbele ya watu wote, kusema huyu ni wangu pia. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo miaka kumi na minne. Nilikwenda mpaka Tunduma kumtafutia gauni jeupe, nikazunguka yale maduka ya karibu na mpaka tangu asubuhi (muuzaji mmoja akanisalimu "Mulishani mayo" akidhani nimevuka kutoka Zambia, na mimi nikaitikia tu ili anipunguzie), nikalipata, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumbani, nikawa kila nikiingia nalishika upindo. Kwa hiyo na gauni lipo na hasira ipo, na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Zamu yangu ikaangukia hapo hapo. Mchungaji alikuwa na ibada Tunduma, huku kwetu ni mwinjilisti na mimi. Jumamosi mchana nikakaa jikoni na Biblia na kalenda ya kanisa kujiandaa, nikaona Zaburi iliyopangwa ni ya shukrani, ya kupiga makofi na vigelegele, nikasema hapana, mimi wiki hii sina kigelegele cha kumpa mtu. Nikakumbuka kusikia watu wakisema ile ya mia na tisa ina meno, kwamba mtu akionewa anaisoma. Nikaifungua. Jamani! Mle ndani kuna mtu ameonewa kama mimi, anamwombea adui yake mambo ambayo mimi nilikuwa nayafikiria tu na kuyaonea haya: siku zake zipungue, nafasi yake ichukuliwe na mwingine, sala yake ihesabiwe dhambi. Na ni Biblia, siyo mimi! Nikaona hapa nimepata njia ya kumwambia Baba Salome kila kitu kwenye kipaza sauti, na hana pa kunishtaki.

Ndiyo uamuzi wenyewe huo, mdogo tu, kugeuza kurasa kadhaa. Nikapanga tuishie mstari wa ishirini, kwa sababu kuanzia hapo mwimbaji anaacha kulaani anaanza kujililia hali yake, na mimi sikuwa na haja ya kulia. Nilipanga mpaka sweta la kuvaa. Kitu kimoja tu sikukipanga, nani atasoma mstari upi.

Jumapili kulikuwa na baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba, watu wamejaa na makoti yao. Benchi mbili za mbele walikaa vijana wa kipaimara, na Salome akiwa mwisho wa benchi karibu na njia. Hao waliagizwa kila mmoja aje na Biblia, kwa hiyo wakati wa kujibu zaburi sauti yao ndiyo inayotawala kanisa, kina baba na kina mama wanafuata nyuma. Upande wa pili mbele kabisa alikaa Bibi Eliza, mama yake Baba Salome, ambaye masikio yake ni ya kuchagua, yanasikia anachotaka yeye. Baba Salome mwenyewe alikuwa benchi ya tatu ya wanaume.

Nikatangaza. "Zaburi ya mia na tisa, mstari wa kwanza hadi wa ishirini." Nikamwona mwinjilisti anaangalia kalenda yake, ananiangalia mimi, anaangalia tena kalenda. Sikumpa nafasi. Nikaanza.

Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili wakajibu, wa tatu nikausoma, ule wa kuzungukwa na maneno ya chuki, nikiutupa moja kwa moja benchi ya tatu. Wa nne ukawa wao. Na wa nne, kwa wasioukumbuka, mwimbaji analalamika kwamba yeye alitoa upendo na badala yake ameshtakiwa. Baba Salome akausoma kwa ile sauti yake nene ya kwaya, kwa uchungu kabisa, kila neno, huku ananitazama mimi. Nikasema moyoni, huyu naye! Nani amemshtaki nani bure? Lakini nikaendelea, nilikuwa nimeazimia, na mtu aliyeazimia haangalii pembeni.

Wa sita wakausoma wao, ukaja juu yangu, kwamba mshtaki asimame mkono wake wa kulia. Wa saba nikasoma mimi, kwamba sala yake ihesabiwe dhambi, na nikiwa katikati nikakumbuka kuwa kanisani mle anayeongoza sala asubuhi ile ni mimi. Kisha wa nane. Vijana wote wa kipaimara, na kina baba, na kina mama, na kwaya nzima, wakanyanyua macho kwa mzee wa kanisa wao aliyesimama mbele, wakamwambia kwa sauti moja kwamba siku zake ziwe chache na nafasi yake ichukuliwe na mtu mwingine.

Kuna mtu kwenye kwaya alicheka. Alijificha kwenye kikohozi, lakini alicheka.

Hapo ndipo mwenye akili angesema tuishie hapa, tuimbe. Mimi nikaona nikisimama watajua. Nikavuta pumzi nikasoma wa tisa, watoto wake wawe yatima na mkewe mjane, na nilipousoma sikutazama benchi ya tatu kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshatangulia kuona mstari wa kumi chini yake. Wa kumi unasema watoto wake watangetange wakiomba. Na wa kumi ulikuwa wao.

Wakaanza kuusoma. Vijana hawakujua kitu, walisoma kama walivyofundishwa, kwa nguvu. Salome naye alianza. Akafika katikati, akanyamaza. Nilimwona ananyamaza. Kidole bado kiko kwenye mstari, akageuka nyuma akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anauliza tu. Kijiji kizima kilikuwa kinajua habari ya kitalu, na yeye ni mtoto mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa wale watoto ni akina nani.

Sasa niwaambie ukweli, nilitamani kufa. Lakini mdomo wangu haukupata habari. Nikasoma wa kumi na moja. Wa kumi na mbili hakuna aliyejibu, basi nikausoma mwenyewe. Wa kumi na tatu nikasoma. Nikawa najipokea mwenyewe kama mtu anayebishana na ukuta, haraka haraka nifike ishirini yaishe, na hivyo hivyo nikauparamia wa kumi na nne, unaotaka dhambi ya mama wa mtu huyo isifutwe.

Bibi Eliza akasimama. Masikio yake yalikuwa yamechagua kusikia. Akasema kwa Kinyiha kwanza, kisha kwa Kiswahili ili hata wageni wasikose, "Na mimi tena nimefanya nini?"

Kanisa likapasuka. Wengine wanacheka, wengine wanasema "Bibi, keti," mwinjilisti amesimama mikono imenyooka, hajui amshike nani. Na mpiga kinanda, kijana wa watu, kuona zaburi imekatika akadhani imekwisha, akagonga ile sauti ya kuanzia Atukuzwe. Sisi Walutheri, ikigongwa sauti ile tunasimama hata tukiwa tumelala. Kanisa zima likasimama likaacha kucheka, likanisubiri mimi, maana anayeongoza ndiye anayeanza.

Nikafungua mdomo. Hamna kitu. Nikajaribu tena, ikatoka sauti moja juu sana, nyembamba, ya mtu aliyekabwa, ikakatika hapo hapo. Nimeimba Atukuzwe tangu niko mgongoni kwa mama yangu, na siku ile haikupita kooni. Nilikuwa nimesimama na maneno yale yote mdomoni, na jina la Mwana halikukubali kutoka baada yake.

Aliyeianza ni Bibi Eliza. Yeye alikuwa bado amesimama na ghadhabu zake, akaona kinanda kinasubiri, akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, chini kabisa, na watu wakamfuata. Zaburi niliyomlaani nayo mama wa watu, mama wa watu ndiye aliyenimalizia.

Sikungoja Amina. Nikaingia mlango wa kando ya madhabahu, chumba cha mchungaji, nikiwa na nia ya kupita moja kwa moja mlango wa nje niende zangu nyumbani kupitia migombani. Mlango wa nje umefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mchungaji. Mchungaji yuko Tunduma. Na kurudi nilikotoka ni kutokea mbele ya watu wote, pembeni ya madhabahu.

Basi nikakaa mle ibada nzima, juu ya sanduku la mishumaa, nasikia kila kitu. Nikasikia mwinjilisti anatangaza kwamba mzee wa zamu ametoka kidogo (nimetoka wapi, na wote wameniona nilikoingia!). Nikasikia mahubiri, nikasikia sadaka. Biblia yangu ilikuwa bado mkononi, kidole kimeganda kwenye ukurasa, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikaanza kusoma kutoka pale nilipopanga kukatia. Ishirini na moja. Ishirini na mbili, anasema yeye ni maskini na moyo wake umejeruhiwa ndani. Magoti yamelegea kwa kufunga. Watu wakimwona wanatikisa vichwa. Nikasimama hapo. Nilikuwa nimelijua jambo hilo la kutikisiwa vichwa, sisi sote tunalijua, tunalisoma kila Ijumaa Kuu, ni pale msalabani. Nikaendelea mpaka wa mwisho, wa thelathini na moja, na wa mwisho unasema Mungu anasimama mkono wa kulia wa mhitaji, kumwokoa na wanaomhukumu.

Mkono wa kulia. Nikarudi nyuma kwenye wa sita, anaposimama mshtaki. Mkono wa kulia. Ni mahali pale pale. Nikalia, nilie vipi tena, nikalia hadi sweta nililolipanga likawa la kufutia kamasi.

Nilitegemea baada ya baraka watu watawanyike nitoke taratibu. Nikasahau mnada. Kwetu vitu vya sadaka, mazao, kuku, mayai, mkungu wa ndizi, vinanadiwa nje mbele ya mlango ibada ikiisha, na siku ile palikuwa na jogoo wa kugombaniwa, watu hawakubanduka. Mwinjilisti akanifuata mle chumbani kwa mlango wa ndani. Huyu ni mtu mwembamba mpole, anazunguka mitaa na pikipiki, Biblia yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Akakaa chini, mimi juu ya mishumaa yangu.

"Mama Yona," akasema, "unajua kwa nini kila zaburi tunaimaliza na Atukuzwe?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Utaratibu una sababu. Zaburi ziliimbwa kabla Bwana Yesu hajazaliwa. Sisi tunapozisoma tunazipeleka mpaka kwake. Ya furaha tunampelekea, ya kilio tunampelekea, hata yenye hasira, tunaishika mkono mpaka ifike kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Hasira haikatazwi kuingia kanisani. Inakatazwa kuishia njiani."

Nikamwambia nimesoma mpaka mwisho, nimeona habari ya vichwa. Nikamwuliza, sasa zile laana ni za nani?

Akajibu, "Nani alilipwa mabaya kwa mema kuliko Bwana Yesu? Angeweza kuisoma juu yetu sote na kututaja majina. Lakini yeye alikwenda akasimama pale laana inapoangukia." Kisha akatabasamu. "Na wewe leo ulisimama hapo dakika tano tu. Umeonaje?"

Nikajifuta uso, nikatoka, kwa sababu nilishaona kukaa mle hakutanipunguzia kitu. Mnada ukanyamaza. Hata jogoo alinyamaza. Nikamwendea Baba Salome mbele ya watu, nikamwambia, "Baba Salome, nimekosa." Akajibu bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "Salome atasimamiwa na mtu mwingine." Yaani wa nane ule, mara hii umeshatimia, na umetimia kwangu.

Jioni ya siku hiyo hiyo mchungaji akanipigia simu kutoka Tunduma, kwamba ametumiwa sauti yangu kwenye kundi la wanakwaya. Akasema, "Mama, nimekusikia." Hayo tu. Afadhali angenigombeza.

Sasa kung'ang'ania kule kulikonitia shimoni nikaona kunitoe. Jumatatu nikaenda kwa Baba Salome, nikamkuta kwenye meza za kuanikia kahawa anageuza, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha na kuisoma zaburi yote na nyumba yako, mpaka mwisho wake. Akasema, "Ile zaburi haiingii nyumbani kwangu." Jumanne nikaenda, wamesema hayupo, na kofia yake naiona imetundikwa. Jumatano nikaenda, nikageuza naye kahawa saa nzima, nikarudi nyumbani vile vile. Mume wangu akaniambia, "Wewe mwanamke, mwache mtu apumue." Nikamwambia atapumua nikishasamehewa.

Alhamisi nikalitundua gauni nyuma ya mlango. Nililikunja nikiwa nalia, sitawaficha. Nikaenda nalo, nikamkabidhi Salome mwenyewe uani kwao, nikamwambia, "Mwanangu, asimame nawe yeyote atakayesimama, gauni ni lako. Na ule mstari wa kumi sikuwa na haki ya kukusomesha." Akalikumbatia. Akabaki amesimama pale pale karibu yangu.

Bibi Eliza alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Masikio yakachagua. "Umekuja kuimalizia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi niliimba mwisho, lakini katikati kuna shimo. Baba Salome! Njoo na Biblia. Mimi sitaki kulala na nusu ya laana juu yangu."

Mama akikuita hivyo hubishi. Akaja, akaketi, amekunja uso. Bibi akapanga mwenyewe kwamba safari hii mwanawe ndiye aanze na mimi nijibu, na Salome akae katikati. Tukaanza. Wa nne ukawa wangu sasa, nikausoma nikiwa nimeinama. Wa tano ukawa wake, unaosema mtu alitendewa mabaya badala ya mema. Alisoma nusu, akasimama, akakohoa. Akatazama kule kwenye zizi.

"Kamba ilikatika," akasema. "Asubuhi niliiona."

Basi. Hakusema samahani na mimi sikuidai. Akarudi kwenye mstari akaumaliza. Ile ya laana tuliisoma polepole, bila kumtazama mtu, na nilipofika wa kumi nilitaka kuuruka, lakini Salome akanigusa goti akausoma pamoja nami. Tukavuka ishirini. Tukaingia kule kwa maskini mwenye moyo uliojeruhiwa, na sauti nene ya Baba Salome ikawa inakwaruza. Wa mwisho, kwa hesabu zile zile zilizoniaibisha Jumapili, ukawa wake. Akausoma, wa Mungu kusimama mkono wa kulia wa mhitaji. Akafunga Biblia. Salome akaanzisha Atukuzwe, na mimi nikaimba, na ilipita kooni, jina la Mwana na yote.

Bibi Eliza akarudi kwenye maharage yake. "Haya," akamwambia mwanawe, "huyo mtu mwingine uliyemtafuta, mwambie asijisumbue."

Siku ya kipaimara kanisa lilifurika. Mchungaji alikuwepo, zaburi ilikuwa ile ya kwenye kalenda, na aliyesoma hakuwa mimi (baraza la wazee lilinipumzisha zamu mpaka mwaka uliofuata, na walifanya vizuri). Akaitwa Salome. Akapiga magoti na gauni lake jeupe, nami nikaenda mbele nikiwaza habari za kulia na kushoto, za mshtaki na za Mungu, nikawaza mpaka nikapotea, nikaenda nikasimama kushoto.

Mchungaji ananitazama. Kisha kutoka benchi ya mbele, kwa Kinyiha kwanza na Kiswahili baadaye, "Kulia, Mama Yona! Kulia!"

Watu walicheka, na Baba Salome alicheka kuliko wote. Nikazunguka nyuma ya mtoto mbele ya macho ya usharika mzima nikaenda kusimama panapotakiwa, nikaweka mkono begani pake. Nimeapa sitabadili tena zaburi ya kalenda, na zaburi nikiianza, hata niwe peke yangu jikoni na hasira zangu, sitaiacha kabla ya Atukuzwe. Hilo nalishika kwa meno. Siku ile Salome aliinamisha kichwa apokee baraka, na alipoinamisha, shavu lake likagusa mkono wangu wa kulia, akaliacha hapo.